Dole Gumba la Palmer

Arlene ndiye aliyesikia harufu kwanza. Alikuwa ameligeuzia jiko mgongo, mikono yake ndani ya unga, akadhani ni mafuta yaliyomwagikia chuma. Alipogeuka alimkuta mumewe amesimama kando ya jiko, ameshika beringi kwa mkono wa kulia mtupu. Beringi ilikuwa imetoka kikaangoni, ilikopashwa moto ipate kutanuka na kuingia kwenye ekseli. Palmer aliigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, taratibu, kama mtu anayechagua yai dukani. Ngozi ya dole gumba lake ilikuwa inaungua.

"Palmer!"

"Nini?"

"Mkono wako!"

Akautazama. Hapo ndipo alipoiachia beringi, ikabingirika chini na kuchora alama nyeusi kwenye sakafu ya plastiki. Hakupiga kelele. Hakupuliza vidole. Alikuwa na haraka ya mtu aliyefumaniwa, si haraka ya mtu aliyeungua, na mwanamke aliyelala kitanda kimoja na mtu kwa miaka hawezi kukosa kuona tofauti hiyo.

Nyumba ilikuwa imejaa mbio. Shokapu mbili zililala juu ya meza ya kulia kama samaki wanaosubiri kupasuliwa. Mikanda ya akiba ilining'inia kwenye misumari ya makoti. Nje, ndani ya kibanda cha mbao kilichoegemea ukuta wa jikoni, zilisimama mashine mbili za theluji, zile pikipiki zenye miguu ya kuteleza mbele na mkanda nyuma, ya Palmer na ya shemeji yake Lowell, mdogo wake Arlene, zimefunuliwa hadi mifupa. Siku mbili tu, na ndege ya mizigo ingetua kijijini kwao Singik kuzichukua hadi mji wa kuanzia mbio. Kutoka huko wangekata milima na mito yote hadi pwani, wapite hapa nyumbani kwao wakielekea Nome, kisha warudi bara. Sheria ya mbio ni moja: wanakwenda wawili, wanafika wawili. Mmoja akishindwa njiani, mwenzake naye ameshindwa, hata kama mashine yake inanguruma kama simba.

Kwenye kochi, mama yake Arlene alikuwa akishona manyoya ya fisi-maji kwenye kinyago cha Lowell cha kukinga uso. Mama Eunice alikuwa na masikio yaliyochoka, lakini mdomo wake ulikuwa mzima. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amezungumza kwenye redio ya upepo, ile ambayo kila nyumba ya Singik inayo na haizimwi mchana wala usiku, akiuliza kama kuna mwenye mafuta ya sili ya kumgawia, kwa kuwa yake yameingia ukakasi. Alipomaliza aliweka kisemeo kando yake, na juu ya kisemeo akaweka mfuko wake wa ngozi. Kitufe kikabanwa. Kuanzia hapo, kila neno lililosemwa katika chumba kile lilisikika katika kila nyumba ya kijiji, na wao wenyewe hawakuweza kusikia mtu yeyote akiwapigia ukelele wanyamaze.

"Tangu lini?" Arlene aliuliza.

"Tangu lini nini?"

"Usinichezee, mume wangu. Nakuuliza kwa upole kwa sababu mama yupo."

"Ganzi kidogo. Itaisha."

"Tangu lini?"

Palmer aliweka mkono nyuma ya mgongo. "Tangu siku ile ya mtoni."

"Ile ya kabla ya Krismasi? Uliniambia umelowa glovu tu!"

"Nililowa glovu. Na mkono ulikuwa ndani ya glovu."

Arlene hakucheka. Alijifuta unga kwenye aproni, akaenda kochini, akachomoa sindano ya ngozi kwenye kazi ya mama yake, ile yenye ncha ya pembe tatu. Akarudi. "Lete mkono. Tazama dirishani."

"Arlene, acha utoto."

"Tazama dirishani, nimesema."

Palmer alitazama dirishani. Huko nje upepo ulikuwa unafagia theluji juu ya paa la kanisa. Alisubiri. Akasubiri tena.

"Haya, choma basi," alisema.

Palmer aligeuka, akaona tone la damu limesimama kwenye dole gumba lake, na jingine kando yake, na la tatu.

"Nimeshachoma," Arlene alisema kwa sauti ndogo.

Walitazama lile dole kama watu wawili wanaotazama mtoto wa jirani aliyeharibu kitu. Kisha Arlene akalipuka.

"Kwa hiyo kile kidude cha mafuta cha kubonyeza kwa dole unakibonyezaje? Unaendeshaje wewe?"

"Nakitazama."

"Unakitazama! Mnakwenda kasi ile, katikati ya visiki vya msitu ulioungua, na macho yako yako kwenye dole?"

"Nimefunga cha pili mkono wa kushoto. Nabonyeza kwa kushoto."

"Na breki iko wapi?"

Palmer aliisukuma beringi kwa ncha ya kiatu.

"Nakuuliza, fundi mkuu. Breki iko wapi?"

"Kushoto."

"Mafuta kushoto, breki kushoto. Mkono mmoja uongeze, mkono huohuo upunguze. Na mdogo wangu yuko mbele yako kwenye vumbi la theluji, amesimama ghafla. Utamfanyaje? Utampigia honi?"

"Wengi wanafunga kushoto, Arlene. Wanapumzisha mkono."

"Wanapumzisha! Wewe unapumzisha nini? Unapumzisha maiti! Lowell anajua?"

"Hajui. Nilimwambia hivyohivyo, kwamba ni cha kupumzishia."

"Nami uliniambia bega linauma. Nikakufunga vifungo vya shati Jumapili. Nikakufunga zipu ya suruali, mtu mzima, wewe umesimama kama mtoto wa chekechea, mimi najisemea maskini bega la mume wangu. Bega!"

"Punguza sauti."

"Kwa nini? Nani anasikia?"

Mama Eunice aliinua macho, akaona wanagombana, akayarudisha kwenye manyoya. Mambo ya wanandoa hayaingiliwi na mama mkwe mwenye busara.

Palmer aliketi kwenye kiti karibu na shokapu zake. Alipoongea tena, sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nikimwambia, nimemtoa. Hakuna mwingine. Kijana amenifuata miaka yote hii ananishikia spana, leo zamu yake imefika nimwambie nini? Na watu wote waliochangia, wale wazee wa kanisani... Halafu mimi nitakuwa nani? Niambie. Mtu asiyeweza kufunga zipu yake. Nitawinda kwa mkono upi? Nitakuwa mwanamume wa kuchota maji na kusubiri nyama ya watu."

Akalia. Si kilio cha kwenye msiba, kile chenye heshima yake. Kilikuwa kilio cha kukwamakwama, kama injini iliyokunywa maji. Mkewe akamshika kichwa, unga ukamwingia kwenye nywele.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Lowell aliingia na viatu vyake vyenye theluji, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Hakumtazama dada yake. Hakumtazama shemeji yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye kochi, akainua mfuko wa ngozi, akatoa kisemeo kilichokuwa chini yake, akakitundika ukutani mahali pake. Redio ikakwaruza mara moja kuonyesha kwamba sasa inaweza kusikia. Wote walisubiri mtu aseme kitu. Kijiji kizima kilikuwa kimekaa kando ya redio zake, na hakuna aliyesema neno.

Lowell akatoka, akafunga mlango polepole.

"Kumbe," Mama Eunice alisema, akikitazama kisemeo. "Ndiyo maana hakuna aliyenijibu kuhusu mafuta."

* * *

Asubuhi yake chakula kilianza kuingia. Supu ya nyama ya paa wa kaskazini kutoka kwa mke wa mchungaji. Samaki mkavu kutoka kwa mzee ambaye mwenyewe alikuwa hana wa kutosha. Bakuli la matunda ya tundra yaliyopigwa na mafuta, mazito, meupe, ya sikukuu. Mafuta ya sili ya Mama Eunice yalikuja kwenye mitungi minne. Waliokuja walisimama mlangoni, walisema baridi imezidi, waliulizia afya ya mama, waliondoka. Hakuna aliyetazama mkono wa Palmer, na kila mmoja alihakikisha hautazami.

"Wanatuletea chakula cha msiba," Palmer alisema.

"Kula," Arlene alimwambia. "Chakula hakijui kimeletwa kwa nini."

Hakula. Alivaa akaenda dukani kutafuta gundi ya chuma, ingawa gundi alikuwa nayo. Alikuwa anatafuta kitu kingine.

Kwetu Singik, mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani tangu wanazaliwa, na mtani hana likizo. Mtani atakucheka ukianguka, atakucheka ukioa, atasimama msibani kwako aseme marehemu alikuwa anakoroma hadi mbwa wanahama, na wafiwa watacheka machozi yakiwatoka. Hukasiriki. Ukikasirika umeshindwa. Ni kwa utani tu ndipo watu wetu wanaambiana ukweli bila kuvunjiana heshima. Kumwambia mtu mzima usoni kwamba amekosea ni jambo la watu wasiolelewa.

Mtani wa Palmer alikuwa Myrna, mtoto wa mjomba wake, mwanamke mpana wa mabega aliyesimamia mitambo ya maji ya kijiji. Wiki iliyotangulia tu alikuwa amesema kwenye redio, watu wote wakisikia, kwamba mashine ya Palmer inalia kama sili mwenye kwikwi, na kwamba mbio zikianza angemfuata nyuma kwa miguu akiokota nati. Kijiji kilicheka siku mbili. Palmer mwenyewe alicheka. Sasa alikuwa akimtafuta mtani wake kama mgonjwa anavyotafuta dawa. Myrna akitoa mzaha mmoja, hata mchafu, hata wa zipu, jambo lingekuwa dogo. Lingekuwa jambo la kuchekwa, na jambo la kuchekwa mtu anaweza kutembea nalo.

Mwenye duka alimtazama Palmer, akautazama mkono, akatazama dari. Alipomrudishia chenji hakumpa mkononi kama siku zote. Aliipanga kaunta, upande wa kushoto, sarafu moja moja, mahali ambapo ingeokotwa kwa urahisi. Palmer aliona ukarimu ule ukimpanda usoni kama joto. Aliiacha chenji palepale.

Myrna alikuwa kwenye friji ya nyuma. Palmer alikwenda akasimama karibu yake, akajikohoza. Aliutoa mkono wa kulia mfukoni, makusudi, na bandeji yake nyeupe iliyofungwa kama kichwa cha bibi harusi. Mtu angeweza kutania bandeji ile bila kufikiri.

Myrna aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Habari za asubuhi, Palmer," alisema.

Palmer aliurudisha mkono mfukoni. "Nzuri, Myrna."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Msalimie Arlene."

Akapita. Alipita kwa adabu, akampisha njia, kama mtu anavyompisha mzee au jeneza.

* * *

Kibandani, Lowell alikuwa amepiga goti kando ya mashine yake akikaza bolti za mguu wa mbele. Taa ya kichwani ilimulika mikono yake tu. Palmer aliingia akafunga mlango, akasimama mahali ambapo husimama kila siku, katikati ya mashine mbili.

"Zile bolti ulizikaza jana," alisema.

"Nazirudia."

"Ukizidisha zitakatika."

"Najua, kaka. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Palmer alikuwa ameandaa maneno njiani, maneno mazuri yenye mwanzo na mwisho, lakini yalibaki nje kwenye upepo. "Lowell, siendi," alisema.

Spana ilisimama. Lowell hakuinua kichwa. "Nilijua."

"Ulijua kwamba sitakwenda?"

"Nilijua kuhusu mkono."

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo, na Arlene, aliyekuja kumletea mumewe chai, alisimama hapohapo na kikombe.

"Tangu lini?" Palmer aliuliza, akashtuka kusikia amesema maneno ya mkewe.

"Tangu siku tuliyobadilisha mkanda wa chini. Uliangusha nati ileile mara tatu, ukasema mafuta yanateleza. Nati haikuwa na mafuta." Lowell alivua taa kichwani, akaizima. "Halafu ukafunga kidude cha kushoto. Nikajua kabisa."

"Na hukusema?"

"Nikuambie nini? Wewe ni mkubwa wangu. Nilisubiri useme. Kila siku nilikuwa najiambia leo atasema." Alisita. "Na kila siku nilikuwa naomba usiseme."

Arlene aliingia. Alikiweka kikombe juu ya kiti cha mashine kwa uangalifu mkubwa, na uangalifu huo uliwatisha wote wawili.

"Rudia," alimwambia mdogo wake.

"Dada..."

"Rudia hayo uliyosema. Ulijua mume wangu hana mkono, na ukawa unaomba Mungu anyamaze, ili upate kwenda mbio zako."

"Nilidhani nikikaa mbele nitakuwa namwangalia."

"Na angekuparamia je? Au angebaki mtoni, mkono umeganda, hajui umeganda, anauona mweupe anadhani ni mwanga wa taa? Ungenirudishia nini hapa, Lowell? Kofia?"

"Ningemrudisha!"

"Ungemrudisha kwenye sledi kama nyama!"

"Basi yeye je?" Lowell alisimama, na sasa alikuwa analia pia, kijana mrefu aliyejaa grisi. "Mbona yeye humfokei? Yeye alikuwa tayari kuniua mimi! Mimi nilinyamaza tu. Yeye alidanganya!"

Ilikuwa kweli. Wanaume wawili waliopendana kuliko ndugu wa tumbo moja walikuwa wamekubaliana kimyakimya, bila hata kuangaliana, kwamba wangeendeshana kifoni kwa heshima.

Arlene alichukua spana mkononi mwa mdogo wake. Alikwenda kwenye mashine ya mumewe, akainama kwenye usukani, akaanza kufungua kile kidude cha mafuta cha kushoto. Hakujua vizuri, spana ilimponyoka, akajichubua kidole, akaendelea. Wao walisimama wakitazama. Kilipotoka, waya wake ukining'inia kama mshipa, alikitia kwenye mfuko wa aproni.

"Haya," alisema. "Sasa ongeeni kama watu."

Lowell alisema, "Tusizipakie. Nitawapigia simu waandaaji niseme tumejitoa."

"Jina linaweza kubadilishwa hadi wakati wa ukaguzi," Palmer alisema.

"La nani? Nani ana karatasi za mbio zilizokubaliwa na hana mwenza?"

Palmer alikunywa chai. Alikishika kikombe kwa mkono wa kushoto, na hakuuficha wa kulia. "Myrna. Mwaka jana karatasi zake zilipita, na bado zinafaa. Mwenzake ndiye aliyevunjika mguu."

"Myrna hawezi kukubali. Mashine yako, ambayo ameitukana msimu mzima?"

"Nitamwomba mimi."

"Utamwomba Myrna?" Arlene alisema. "Wewe?"

* * *

Myrna alikuwa akipasua samaki aliyeganda kwa kisu cha mviringo, vipande vyembamba vya kuliwa vibichi na chumvi. Alimwonyesha Palmer kiti. Alimuuliza kama atakunywa chai. Alimuuliza kama baridi huko nje imepungua.

"Myrna," Palmer alisema, "nakuomba unitukane kwanza."

Kisu kilisimama.

"Siwezi."

"Hata kidogo? Nimevaa bandeji kama mtoto anayeachishwa kunyonya kidole. Mke wangu ananifunga zipu. Una mali yote hiyo ya utani mkononi."

"Palmer, nilikusikia ukilia." Alisema hivyo huku akitazama samaki. "Nilikuwa nimekaa hapo ulipokaa. Nilitaka kuzima redio na sikuzima. Nilisikiliza hadi mwisho. Mtu hutaniwa kwa jambo litakalopita. Hilo lako litapita?"

"Muuguzi nimempigia leo. Anasema baada ya miezi yote hii, hisia hazitarudi."

"Basi."

Walikula samaki. Palmer alikula kwa mkono wa kushoto. Kipande kilimponyoka, kikaanguka miguuni, na wote wawili wakakiacha.

"Nimekuja na ombi," alisema. "Panda na Lowell. Uchukue mashine yangu."

Myrna alicheka, lakini si cheko la utani. Lilikuwa la mtu aliyesukumwa mgongoni. "Kesho? Ndege inakuja kesho mchana."

"Kesho."

"Unanipa kwa sababu huwezi, au kwa sababu mimi naweza?"

Hilo ndilo lilikuwa swali, na Palmer alikuwa ameliogopa tangu mlangoni. Miaka mingapi alikuwa amemsikia Myrna akipita kwenye barafu ya ghuba, akajua kwa sauti ya injini kwamba yule ni dereva, na bado akamchagua kijana asiyejua kitu kwa kuwa kijana angemwita kaka? Alipotaka mwenza hakuwahi kumwaza. Hakuwahi hata kumkataa.

"Kwa sababu siwezi," alisema. Kisha, kwa shida zaidi, "Na ulikuwa unaweza tangu zamani. Nilijua. Nikakaa kimya."

Myrna alifuta kisu kwenye kitambaa. "Nina masharti. Jina langu linaandikwa ubavuni mwa mashine, si lako na langu chini. Na ukija kunionyesha, usinionyeshe kama mwenye mashine anayemwazima mtu. Nionyeshe kama fundi. Nikisema usukani ushuke, unashuka."

"Utashuka."

"Na Lowell nitampiga ngumi moja. Kwa ile dua yake."

"Umejuaje habari ya dua?"

"Kibanda chenu kina kuta za mbao, Palmer. Na dada yake hana sauti ya kunong'ona."

* * *

Asubuhi ya ndege walikuwa kazini kabla jua halijapanda mgongo wa vilima. Usukani ulishuka. Shokapu zilikazwa, kwa kuwa Myrna alikuwa mzito kwenye makalio na mwepesi mikononi, kama alivyosema mwenyewe. Lowell, mwenye alama nyekundu ya ngumi shavuni, aling'oa jina la zamani kwa kisu na kubandika jipya. Mama Eunice alimpima Myrna uso kwa uzi, akafumua kinyago cha pili, alichokuwa amemshonea mkwewe Palmer, na kukishona upya. Palmer alifanya yale aliyoyaweza kwa mkono mmoja na nusu, na yale asiyoyaweza alisema, "Nishikie hapa," na ikawa mara ya kwanza kwa watu wa nyumba ile kusikia maneno hayo kutoka kwake.

Tatizo lilikuwa kwenye kichapuzi, kile kidude cha mafuta cha kulia. Mashine ile ilikuwa na tabia. Ukibonyeza kidogo ilisinzia, ukizidisha unywele ilirusha miguu ya mbele juu kama farasi aliyechapwa. Lakini katikati palikuwa na mahali padogo, pembamba, ambapo ilitulia na kuvuta bila kuchoka, mahali pa kukaa siku nzima bila kuunguza mkanda. Palmer alikuwa ameishi katika pengo lile kwa misimu mitatu. Alilijua kwa dole ambalo sasa halikujua kitu.

"Bonyeza mpaka uhisi inakupa mkono," alimwambia.

"Inakupa mkono vipi?"

"Kama... inapumua."

"Palmer, zungumza kama mtu."

Alijaribu tena, akashindwa. Kwa mbali walisikia mvumo kusini, ukawa upepo tu. Lowell alitazama anga.

"Kaa nyuma yangu," Myrna alisema. "Nionyeshe kwa mkono."

Walitoka hadi kwenye barafu ya wangwa, maji ya pwani yaliyoganda mbele ya kijiji, Myrna mbele, Palmer nyuma, vifua na migongo, watu wazima wawili wamebanana kwenye kiti cha mtu mmoja. Mapazia yalisogea kijiji kizima. Arlene alisimama mlangoni mwa kibanda, mikono kwenye aproni. Palmer alivua glovu ya kulia, akauweka mkono wake wa bandeji juu ya mkono wa Myrna, dole juu ya dole, akafumba macho ili asidanganywe nayo.

Waliondoka. Mashine ilisinzia, ikaruka, ikasinzia. Alisikiliza injini, akabonyeza, akaachia, akatafuta. Wakapita boya la wavuvi, wakazunguka. Mara ya pili aliipata. Sauti ikanyooka, theluji ikawa hariri chini yao, na Palmer akalikaza lile dole palepale lisiponyoke, akalishikilia wangwa mzima, akapaza sauti kwa furaha ndani ya kofia ya manyoya, "Hapo! Umeisikia? Hapo!"

Walipofika ng'ambo Myrna alizima injini. Alivua glovu yake, akautazama mkono. Ukucha wa dole gumba ulikuwa mweusi, na kwenye ngozi palikuwa na alama ya chuma, ya ndani, kama muhuri.

Palmer aliiona. "Nimekuumiza."

"Tangu tulipoondoka."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unanionyesha." Alitia vidole mdomoni kuvipasha moto, akavitoa. "Nimeipata. Lakini tukiendelea hivi sitakuwa na dole la kuendeshea, na Singik haiwezi kutoa dereva mwingine."

Sasa mvumo ulikuwa wa kweli. Juu ya vilima vya kusini palitokea doa, likakua, likapata mabawa. Huko kijijini watu walikuwa wanatoka na sledi kuelekea uwanjani.

Myrna alivaa glovu. "Mzunguko mmoja tu ndio tunaouweza. Usinishike mkono. Shika bega, uniambie."

"Sina maneno yake."

"Tafuta."

Akawasha. Palmer alimshika bega kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia akautia kifuani, ndani ya koti, akauacha huko. Akainama hadi sikioni mwa Myrna, akasikiliza injini kama mtu anayesikiliza mlangoni, na mashine ilipoanza kusogea akafungua mdomo.

"Kidogo," alisema. "Kidogo tena. Bado. Usiivute, iache ije. Bado. Bado. Sasa."